Upande wa Chini wa Kigae

Nimeezeka na kuezua miaka thelathini na mmoja
katika bonde hili la Wales, ambamo mvua ndiyo mwenyeji.
Kigae cha jiwe ukikigonga kwa kifundo cha kidole
kizima hulia kama kengele, kibovu hukohoa.

Nyumba ilikuwa ya Lowri Tudur, mjane wa zamani.
Siku hizi hupangishwa watalii wenye viatu safi.
Niliitwa kubadilisha vigae kumi na viwili.
Cha tatu, nilipokigeuza, kilikuwa na maandishi.

Si wino. Msumari. Herufi nyembamba
za mtu mwenye haraka, au mwenye baridi vidoleni:
"Ndugu zangu, pendaneni,"
kisha mkwaruzo mzito juu ya maneno yote
na chini yake: "Rahisi mno. Anza upya."

Nikajua ni yeye. Elihu Parri,
mchungaji wa Jumapili, mpasua mawe wa siku sita,
ambaye bei ya karatasi ilimshinda
akawa anaandaa mahubiri juu ya mabaki ya machimbo.
Bibi alinisimulia alivyopanda mimbarini
amekumbatia mawe kifuani kama mama wa mapacha,
na sauti yake ilivyokuwa ndogo
hata wazee wa viti vya nyuma, mapafu yamejaa vumbi la mawe,
wakabana vikohozi vyao wamsikie.

Ndipo upepo wa Februari ukang'oa paa la Lowri
naye Elihu hakuwa na senti ya kumpa.
Akamwezekea kwa mahubiri.
Miaka kumi na minane ya maneno,
upande wa maandishi chini, upande mtupu kwa mvua.
"Yameshasemwa," aliwaambia waliomshangaa.
"Sasa yafanye kazi."

Wanaomsifu huishia hapo.
Mimi nilikuwa juu ya ngazi; nikaendelea kugeuza.

Kigae cha saba hakina andiko.
Kina jina: Ithel.

Mwaka wa mgomo, Ithel alirudi machimboni
mwezi wa tisa, mtoto wake akitapika maji matupu,
na kijiji kizima kikamfungia kama mlango mmoja.
Jumapili ile, mezani pa Bwana, Elihu alimruka.
Kigae chasema:
"Nilimpita Ithel na mkate. Mkono wangu ulitetemeka
nami nikauita mtetemeko ule utakatifu.
Nimekwenda kwake mara nne. Hafungui.
Nakwenda leo."

Leo ipi? Hakuandika tarehe.
Kigae cha nane ni hesabu ya viazi.
Cha tisa, mtoto fulani amechora farasi mwenye miguu mitano.
Vilivyobaki ni jiwe tu.

Nilimuuliza mjukuu wa Ithel, anayeuza petroli njiapanda.
Alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole.
"Babu hakumfungulia. Mpaka anakufa.
Ila alikuwa akisema kulikuwa na njia
imekatika kwenye nyasi, kutoka barabarani hadi mlangoni petu,
na aliyeikata kwa miguu alikuwa mtu mmoja."

Mwenye nyumba alitaka vigae vya maandishi vitiwe kwenye fremu,
vining'inizwe sebuleni juu ya moto.
Nikampa cha viazi. Nikampa cha farasi, akafurahi.
Cha saba nilikigonga.
Kililia.
Nikakirudisha mahali pake, uso chini,
kwa misumari miwili ya shaba, na mvua ikaanza
kabla sijashuka.

Ndugu yangu Emrys anakaa ng'ambo ya mto,
mwendo wa dakika kumi na moja; nimewahi kuuhesabu.
Hatujasalimiana tangu tulipomzika mama.
Nyasi za mlangoni pake ni ndefu.
Za kwangu pia.